Msasa wa Musyoka na Mdomo wa Ndunge

Mkiniuliza kovu la usoni kwa mtoto mdogo linapunguzwa vipi, nitawajibu kwa kirefu, na nikimaliza mtaona bado kuna mahali sijafika. Nawaambia mapema ili msije mkasema Zena alituchanganya. Mimi mwenyewe kazi hii ilinichanganya miaka yote niliyoifanya, na nimeiacha bila kuelewa yote.

Nilikaa katika vyumba vya vidonda tangu nilipomaliza kidato cha nne hadi mgongo uliponikatalia kuinama. Sikuwa muuguzi. Nilikuwa yule mtu anayechemsha vyombo, anayekata shashi, anayebandua bandeji zilizogandana na anayemshika mtoto asiruke kitandani. Nilifundishwa kazini, na wagonjwa waliniita Sista, wengine daktari, maana ukivaa koti jeupe hakuna anayekuomba cheti. Siku hizi nauza mapazia mjini Machakos. Wale wasichana wawili walioajiriwa juzi katika kliniki ya ng'ambo ya barabara huja saa ya chakula, wanakaa juu ya marobota yangu na kuniuliza maswali. Haya nawaandikia wao, na wengine kama wao, na akina mama vijana ambao mtoto akianguka wanakimbilia simu kabla ya kukimbilia maji.

Basi tuanze na maji. Mtoto akipasuka uso, osha kwa maji safi yanayotiririka, mengi, kisha kandamiza kwa kitambaa safi bila kukiinua kila mara kuchungulia. Uso una damu nyingi, utatisha kuliko ulivyoumia. Usiweke majivu, kahawa, dawa ya meno, wala spiriti. Spiriti inachoma hata nyama nzima iliyobaki. Halafu njoo siku hiyo hiyo. Kidonda cha usoni kikishonwa mapema, mtu mwenye mkono mzuri anaweza kukifunga mpaka kovu likawa kama uzi. Kikiletwa siku ya tatu kimevimba na kutoa usaha, hata mkono mzuri unaishia kuomba Mungu.

Mkono mzuri niliouona mimi ulikuwa wa Daktari Kioko, tabibu wa kliniki ya kwanza iliyoniajiri, kule Wamunyu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vidole ambavyo ungedhani vya kuchimba mtaro, lakini akishika sindano unasahau. Alishona uso kwa uzi mwembamba kama unywele na kuzitoa nyuzi mapema, karibu siku ya tano, kabla hazijaacha alama za pembeni zile zinazofanya uso uonekane kama njia ya reli. Mguuni alikuwa anaziacha karibu wiki mbili. Nilimuuliza kwa nini uso unaharakishwa na mguu unacheleweshwa, akaniambia uso hupona haraka kwa sababu ya hiyo hiyo damu inayokutisha. Hapo nilielewa. Sehemu nyingi nyingine sikuelewa.

Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuzijadili. Ya kwanza, hakuna kunyoa nyusi. Aliwahi kufanya kazi na mwenzake aliyenyoa nyusi za mtoto ili ashone vizuri, na alishona vizuri kweli, ila nyusi moja ikachelewa kuota, na nyingine ikaendelea na maisha yake. Mama wa mtoto alikuwa akipita nje ya kliniki kila siku ya soko, anamsimamisha mwanawe mlangoni, kisha anaondoka. Sheria ya pili, mtoto afungwe kwa leso kama kifurushi kabla ya kuguswa, mikono ndani, na mtu anayempenda akae upande wa kichwa. Wengi wenu mnadhani kumfunga ni ukatili. Mtoto anayepigana na watu wanne anaumia zaidi ya mtoto aliyefungwa akisikia sauti ya nyanya yake.

Sasa nije kwa Ndunge.

Wamunyu, kwa wasiopajua, ni mji wa wachonga sanamu. Nilipoajiriwa pale ukiamka asubuhi unasikia tezo zinagonga kila upande kabla hata ya jogoo kuridhika. Mpaka leo nikikata kitambaa dukani nikasikia harufu ya mbao kutoka kwa fundi wa viti jirani, miguu inaniwasha kutaka kurudi. Sijui kwa nini niliondoka. Sijui kwa nini niliondoka mahali pengi. Nilikuwa nikikaa mahali mpaka naanza kuwajua mbwa kwa majina, kisha nafunga begi.

Mchongaji mmoja aliitwa Musyoka. Alichonga twiga, warefu na wembamba. Alikuwa na binti mmoja wa miaka mitatu, Ndunge, aliyepewa jina la nyanya yake mzaa baba. Kama mnavyojua, kwetu jina kama hilo si la kumwitia mtoto tu. Musyoka alimwita bintiye "mwaitu", yaani mama yangu, na hakuwa anatania. Akimkosea anamwomba radhi. Nyanya naye, ambaye kila mtu alimwita Susu, alimzungumzia mtoto kama mtu anayejizungumzia mwenyewe: nimelala vibaya, nimekataa uji. Mimi nilizaliwa katika familia ya Waislamu wa mjini, mama yangu Mkamba, nikajua jambo hili tangu utotoni, lakini kwa akina Musyoka lilinizidi. Kuna siku Susu alikuja kliniki akasema anakohoa, Kioko akamchunguza kifua kizima, kumbe anayekohoa ni yule mdogo.

Mama wa mtoto alikuwa ameajiriwa Syokimau, anarudi kila mwisho wa mwezi.

Siku ya tukio Ndunge alikuwa akicheza karakanani kwa babake. Alikimbia, akateleza juu ya maganda ya mbao, akaangukia ukingo wa patasi iliyokuwa imelazwa chini. Ilimchana kutoka chini ya pua, upande wa kushoto, ikashuka hadi kwenye mdomo wa juu. Sasa sikilizeni alichofanya babake, kwa sababu hakuna baba wa mahali pengine ambaye angekifanya.

Mchongaji akikuta ufa kwenye sanamu, anaujaza. Anachukua vumbi laini la mbao hiyo hiyo, analipakia ndani, anadondoshea gundi ile inayoshika papo hapo, anakandamiza, na baada ya dakika chache ufa hauonekani. Wao hata wakijikata vidole hufanya vivyo hivyo na kurudi kazini. Musyoka alipoona mdomo wa bintiye umefunguka, mikono yake ilifanya kile ilichozoea kabla kichwa hakijaulizwa. Aliweka vumbi, akaweka gundi, akakandamiza. Damu ikasimama. Kisha akamwangalia, akaona kitu hakiko sawa, akambeba mbio hadi kwetu, Susu nyuma yake na kiatu kimoja.

Kwa mbali ungesema mtoto hajaumia sana. Kwa karibu niliona ukingo wa mdomo, ule mstari ambapo ngozi inaishia na mdomo unaanza, haukukutana. Upande mmoja ulikuwa juu ya mwingine kama meza iliyounganishwa na mlevi. Na ndani ya ngozi kulikuwa na vumbi jeusi la mbao.

Kioko hakumgombeza. Aliangalia kwanza ndani ya mdomo kwa kioo na tochi, maana jeraha lingekuwa limetoboa hadi ndani angewatuma hospitali kubwa Machakos. Halikutoboa. Halafu akamweleza Musyoka kwamba atakifungua kile alichokifunga. Musyoka aliuliza kwa nini, ikiwa damu imeshasimama na mtoto amenyamaza. Kioko akamjibu kwamba vumbi likibaki litakaa chini ya ngozi maisha yote kama chale, na mstari wa mdomo ukipona umeruka, hata kama ni kwa upana wa kucha, kila atakayemtazama mtoto ataona hicho kwanza.

"Basi nifungeni mimi," Musyoka akasema. "Mwaitu mwacheni."

Alikuwa anasema kweli. Alijaribu kulala kitandani. Susu ndiye aliyemtoa, akamwambia aende nje akahesabu mbuzi wa watu.

Tulimfunga Ndunge kwa leso yangu. Susu alikaa kichwani. Tulipaka mafuta ya mgando juu ya gundi na kusubiri, tena na tena, mpaka ikalegea. Na hapa shikeni jambo, maana ni katika machache niliyo na hakika nayo. Kabla ya kuchoma sindano ya ganzi, Kioko aliweka vitone viwili vya wino kwenye mstari wa mdomo, kimoja kila upande wa jeraha. Ganzi huvimbisha mdomo na mstari unapotea kabisa, unabaki kubahatisha. Yeye uzi wake wa kwanza ulikutanisha kitone na kitone. Mengine yote yalifuata huo. Lakini kabla ya uzi kulikuwa na kuosha, na kuosha kulikuwa kurefu, maji ya chumvi na brashi laini, na mimi nikitoa chembe moja moja kwa koleo ndogo. Ganzi ilikuwa imeshika, ila mtoto anayeshikwa uso analia hata bila maumivu. Susu alikuwa akimwimbia kwa Kikamba, huku akitulaani katikati ya ubeti kwamba tunamchelewesha. Mwishoni Ndunge alipigwa sindano ya pepopunda na hiyo ndiyo iliyomkasirisha kweli.

Nikawa nimejifunza: gundi ni kosa. Nililisema hilo kwa sauti kubwa kila nilikokwenda. Nililisema Wamunyu, nikalisema Masii. Kisha miaka baadaye nikahamia kliniki moja Mavoko, wiki ya kwanza tu, akaletwa mtoto aliyepasuka paji la uso, na daktari akatoa kichupa kidogo kwenye friji akamgundisha. Nilisimama na shashi mkononi. Nilimuuliza kama ile ni gundi. Akasema ndiyo, ni gundi ya ngozi, safi, kwa jeraha fupi lililonyooka na lisilovutwa, na wala si karibu na mdomo. Nilitamani kumpigia Musyoka simu, na wakati huo huo nilitamani asijue kamwe. Gundi ile ya karakana inachoma ngozi, na si safi, na vumbi lake lilikuwa kosa lisilo na utetezi. Hayo nayajua. Lakini hebu jiwekeni mahali pa mtu aliyeambiwa amefanya ujinga, halafu daktari anafanya kitu ambacho ukikaa mbali huwezi kukitofautisha na alichofanya yeye.

Baada ya kushona huja kazi ya nyumbani, na hapo ndipo nyuso nyingi huharibikia. Musyoka aliniuliza akaushe kidonda vipi, kwa jua au kwa moto. Watu wengi wanaamini kidonda kikauke kiwe na kigaga kigumu. Nilimwambia hapana, paka mafuta ya mgando kidogo kidogo, kisikauke, kigaga kisibanduliwe kwa kucha, na mtoto asikae juani bila kofia, maana ngozi yetu mpya ikipigwa jua inaiva ikawa nyeusi kuliko jirani zake. Alinitazama kwa mashaka. Nikatafuta mfano. Nikamuuliza sanamu mbichi ikianikwa juani inakuwaje. Akasema inapasuka, ndiyo maana wanaifunika kwa gunia lenye unyevu na kuiacha ikauke pole pole. Nikamwambia basi, ngozi nayo ni hivyo hivyo. Uso wake ulifunguka. Alielewa vizuri kabisa, na niliondoka nikijipongeza.

Nyuzi zilitoka, mstari ulikuwa mwembamba. Mama alirudi mwisho wa mwezi akamshika mtoto uso, akamgeuza huku na huku, akashukuru. Mimi nikafunga begi nikaenda Masii.

Sasa, kuna jambo ambalo hakuna aliyemwambia mama huyo, wala baba, kwa hiyo liandikeni mahali. Kovu huwa zuri mwanzoni, halafu linaharibika, halafu ndipo linatengenea. Nyuzi zikitoka unaona mstari mwembamba tu. Mwezi wa pili linapanda, linakuwa gumu, linawasha, linabadilika rangi. Mwenye mtoto anadhani amekosea mahali. Anaanza kununua vitu: limau, krimu za kung'arisha, dawa za kienyeji zenye harufu ya petroli. Mara nyingi hajakosea popote, mwili unajenga kwa fujo kabla ya kupanga. Kwa mwaka mzima, na zaidi, bado linabadilika.

Siku moja ya soko pale Masii nilimwona Musyoka akitoka duka la vifaa vya ujenzi. Tulisalimiana kwa furaha. Nikamuuliza habari za mwaitu wake. Akasema mama wa mtoto alirudi mwisho wa mwezi wa pili, akaona mdomo umefura pale kwenye mstari, akauliza mmefanya nini hapa, kisha hakusema kitu kingine hadi aliporudi kazini. Musyoka alikuwa amekonda. Lakini alikuwa pia na tumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa mfukoni mwa shati. Alitoa karatasi ya msasa, ile laini kuliko zote, ya kumalizia, akaniwekea kiganjani nisikie.

Akanieleza mpango wake bila wasiwasi wowote. Pale palipoinuka atapasugua kidogo kila jioni, kwa maji, mpaka palingane. Mama akija mwisho wa mwezi huu atakuta uso ulionyooka.

Nilimwambia haiwezekani. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ngozi si mbao.

"Ni wewe uliniambia ni mbao, Sista," akasema. "Niko na masikio."

Nilimrudishia msasa wake. Mfano wangu ulikuwa umenigeuka katikati ya soko. Nilijaribu kumweleza kwamba ngozi ikisuguliwa inajibu, inajenga zaidi, kovu linaweza kurudi nene kuliko mwanzo. Akasema mbao nayo inajibu, nyuzi zake zinasimama ukiilowesha, ndiyo maana unasugua mara ya pili. Kila nililosema alikuwa na jibu, na majibu yake yalikuwa na maana. Mimi nilikuwa na hofu tu. Niliomba ruhusa kazini nikaenda naye Wamunyu, kwa sababu niliona nikimwacha aende peke yake atasugua.

Tulimkuta Ndunge amekaa juu ya benchi la karakana akila kiazi, na Susu anachambua kunde pembeni. Nikaangalia mdomo. Mstari wa Kioko ulikuwa umekutana sawasawa, ila juu yake palikuwa na tuta, gumu kama kamba ya kiatu. Halikuwa limevuka mipaka ya jeraha. Hilo ndilo la kuangalia: tuta likibaki ndani ya mipaka yake, subiri, likianza kutambaa nje, likala ngozi ambayo haikuwahi kuumia, mpeleke hospitali, kuna sindano za kulituliza. La Ndunge lilikuwa ndani. Nilimwambia Musyoka hivyo. Nikamwambia asubiri mwaka.

Akasema mwaka ni miezi kumi na mbili ya mama wa mtoto kufika mlangoni. Akachota maji kwenye kikombe, akalowesha msasa.

Nakumbuka nilijiuliza kama nimshike mkono. Mwanamume mzima, nyumbani kwake, mtoto wake. Na sehemu fulani ya akili yangu, naona aibu kuiandika lakini ndivyo ilivyokuwa, ilikuwa inauliza: je, kama yuko sahihi?

Susu aliweka ungo wa kunde chini. Alitaka kujua ile karatasi ni ya nini. Musyoka akamweleza, kwa Kikamba, kwa heshima, polepole. Susu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaja akakaa kwenye benchi kando ya mjukuu wake, akafungua kitambaa cha kichwa, akainua kidevu kumwelekea mwanawe. Ule ulikuwa uso wa mwanamke aliyelima Yatta miaka yote, makunyanzi juu ya makunyanzi.

"Huyu ni nani?" akamuuliza, akigusa kichwa cha mtoto.

Musyoka akajibu, "Ni wewe, mwaitu."

"Basi anza na mimi hapa. Mimi ndio niko na mikunjo mingi. Ukinilainisha nikawa msichana, utaendelea na huyo."

Musyoka alicheka. Susu hakucheka. Alibaki ameinua kidevu, macho yamefumbwa, anangoja. Ndunge, kwa kumwona nyanya, naye akainua kidevu akafumba macho, mashavu yamejaa kiazi. Mwanamume akasimama mbele ya mama zake wawili na msasa unaodondosha maji. Alisogeza mkono kidogo, kama wa kutania, ukakaribia shavu la mamake, na hapo nikaona kicheko kinafutika usoni mwake. Hakuweza. Aliuweka msasa juu ya twiga aliyekuwa hajamaliza, akaenda kukaa nje.

Nilikaa naye. Nikamfundisha kinachofanywa badala yake. Kidonda kikishafunga kabisa, unapaka mafuta, unaweka ncha ya kidole juu ya kovu, unakandamiza na kuzungusha taratibu, dakika chache asubuhi na jioni, kwa nguvu ambayo mtoto anaweza kuendelea kuongea nawe. Ngozi isogee pamoja na kidole, usiikwaruze. Kofia ibaki. Kama una uwezo kuna vipande vya silikoni katika maduka ya dawa mjini, vinabandikwa juu ya kovu kwa miezi, na nimeona vikisaidia, ila mdomoni kwa mtoto wa miaka mitatu vinabanduliwa na kuliwa. Musyoka aliuliza kama kidole chake hakiko kigumu mno, maana kilikuwa na sugu. Nikamwambia atumie kidole cha pete. Nilimpigia simu mama wa mtoto pale pale, nikamwambia kwamba mwezi wa pili na wa tatu ndiyo mibaya kuliko yote, na hakuna aliyefanya kosa. Akasema kwamba mtu angemwambia hilo mapema angelala.

Sasa niwachanganye tena kama nilivyochanganywa. Baadaye sana nilimsindikiza mgonjwa hospitali moja Nairobi, daktari wa ngozi akaniambia kwamba makovu fulani husuguliwa kwa mashine, na mashine hiyo alinionyesha. Nikauliza ina nini mbele. Akasema chembe ngumu, kama msasa. Nilikaa chini. Alinieleza kwamba hufanywa kwa kovu lililokwisha kutulia, kwa mkono uliosomea, na kwamba kwa ngozi nyeusi kama zetu wanaogopa sana kwa sababu huweza kuacha mabaka. Kwa hiyo Musyoka alikuwa amekosea. Lakini alikuwa amekosea kwa kukaribia mno, na mimi nilikuwa sahihi bila kujua kwa nini. Hebu niambieni mtu aandike nini hapo.

Na bado. Nilipokuwa Kalama nilimwona mtoto aliyepakwa masizi ya chungu kwenye shavu, akaletwa wiki ya pili, nikamhurumia. Akapona mpaka karibu nisione alama. Masii nilimwona mwingine aliyefanyiwa kila jambo kwa utaratibu, mama yake mwalimu, kofia, mafuta, kila kitu, na kovu likanenepa hata hivyo, mpaka akapelekwa kuchomwa sindano. Nilipoonana tena na Kioko nilimuuliza kuhusu hao wawili. Akasema ngozi nyingine ndivyo zilivyo. Nikamuuliza basi tunafanya haya yote kwa nini. Akafikiri, akasema kwamba ile sehemu iliyo mikononi mwetu inatosha kutuchosha.

Wasichana wa kliniki hawalipendi jibu hilo. Nami sikulipenda. Lakini osheni, kutanisheni mstari, toeni nyuzi mapema, pakeni mafuta, vaeni kofia, ngojeni mwaka. Na waambieni wazazi kuhusu mwezi wa pili kabla haujafika.

Nilirudi Wamunyu baada ya zaidi ya mwaka, nikiwa njiani kwenda kwingine kama kawaida yangu. Musyoka alisimamisha kazi akamwita binti yake tukamwangalie pamoja mlangoni, penye mwanga. Mama wa mtoto alikuwa nyumbani siku hiyo, naye akaja akifuta mikono. Babake alimshika kidevu, akamwelekeza kwenye jua, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia. Nilisogea. Niliona mstari mwembamba, mweupe kidogo kuliko ngozi, na ukingo wa mdomo umepita juu yake bila kuruka. Nilionyesha kwa kidole. Mama akasema hapana, kile ni kivuli cha pua, kovu liko chini zaidi. Musyoka akasema wote wawili tumepotea, lilikuwa upande wa pili. Tukabishana watu wazima watatu, na kila mmoja alikuwa ameutazama uso huo kwa hofu yake.

Mwishowe Musyoka akainama. "Mwaitu," akamuuliza, "uliumia wapi?"

Ndunge alifikiri kidogo, akainua gauni, akatuonyesha goti.